Bibi Yake Mjomba

Mama alipoambiwa kwamba figo zake zimechoka, jambo la kwanza aliloniagiza ni daftari. Tulikuwa tunatoka hospitali, Nachingwea mjini, wawili juu ya bodaboda moja, vumbi la njia ya Marambo limetujaa hadi kwenye kope. Daktari alikuwa amesema wazi: ama apelekwe hospitali kubwa, mbali, awe anasafishwa damu kwa mashine maisha yake yote, ama arudi nyumbani apewe dawa za maumivu. Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nyumbani."

Mimi sina subira, nasema mapema. Nilimjia juu njia nzima, dereva mwenyewe akabaki kuguna. Tulipofika mama akakaa barazani, akanyoosha miguu, akasema, "Ukimaliza kufoka, andika."

Nikaandika. Asiwekewe mipira ya hospitali mwilini. Asipandishwe gari lolote. Kitanda chake kielekee mlangoni, auone mkorosho wake. Alikitaja kifo chake kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Mara mbili alinyamaza, akageuza shingo kuelekea chumbani, akawa anasikiliza. Chumbani hakukuwa na mtu.

"Andika na hili," akasema. "Kaka yangu akija, asiambiwe avue viatu."

"Viatu? Jamani mama, viatu vinahusu nini hapa?"

"Andika, mwanangu."

Nikaandika kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi. Nilidhani ugonjwa umeanza kumpanda kichwani.

Huyo kaka yake ndiye mjomba wangu, anakaa Ruangwa. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto unaweza kujaza madaftari kumi, lakini mgonjwa ataenda anakosema mjomba. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Ila kulikuwa na jambo jingine kati yao. Bibi yao alipofariki na matanga yakaisha, jina lake alivishwa mama, akiwa bado msichana mdogo. Tangu siku hiyo mjomba alimwita mdogo wake "bibi", tena akimletea ugoro ambao mama hakuwahi kuunusa. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Miezi michache baadaye mama aliacha kusema. Siku tatu, macho yamefumba, pumzi fupi fupi. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, mjomba akaingia uani na gari la kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Nilisimama mlangoni na daftari langu.

"Mjomba, mwenyewe amekataa. Shika, soma."

"Hayo ni maandishi ya mtoto," akasema. "Dada yangu afe hapa kama hana ndugu? Watu watanionaje?" Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe. Akanisogeza pembeni taratibu, akaingia, viatu vyake vyeusi vikigonga sakafu.

Ulimi uliniwasha nimwambie avivue, basi tu nimkere. Nikakumbuka nilichoandika, nikanyamaza.

Ndipo sauti ikatoka kitandani. Nzito, ya kukwaruza, kwa Kimwera cha watu wa zamani ambacho mama hakukitumia hata siku moja.

"Mjukuu wangu. Nani kakufundisha kuingia na viatu nyumbani kwangu?"

Mjomba alikauka. Mama hakuwahi kujali viatu vya mtu. Aliyekuwa akiwachapa wajukuu kwa kuvuka kizingiti na viatu ni yule bibi yao, na mimi nilikuwa sijawahi kulisikia hilo mpaka mjomba aliponisimulia baadaye. Nilimtazama mama usoni. Macho yalikuwa bado yamefumba. Hata kuku uani walikuwa kimya, na mjomba, mzee mzima mwenye mvi, alikuwa ameinama anahangaika na kamba za viatu, vidole havimtii.

"Gari lirudi," sauti ikasema. "Mimi nalala hapa."

"Ndiyo, bibi."

Akatoka peku kwenye mchanga wa moto, akamrudisha dereva.

Mama alifariki kesho yake, uso umeelekea mkorosho. Hakusema neno jingine. Najua alijipanga, maana daftari ninalo na mwandiko ni wangu. Lakini sauti ile haikuwa ya mama yangu. Nilimuuguza siku zote za ugonjwa wake, sauti yake naijua.

Matanga yalipoisha, jina lile la bibi yao nilivishwa mimi.

Mwaka huu, mikorosho ikianza kutoa maua, mjomba alikuja kwangu. Amekonda, miguu imevimba. Alivua viatu nje, akaviegemeza ukutani, akaja kukaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Kwapani alikuwa na daftari jipya.

"Bibi," akasema, "watoto wangu watataka kunihangaisha na mahospitali. Wewe ndiye watakayemsikiliza. Nisemee."

Nilitaka kumwambia, mjomba, mimi ni nani? Nilitaka kulia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kizito, cha kukwaruza, kwa Kimwera kile cha zamani ambacho sijawahi kujifunza. Nilikielewa chote. Nilikuwa namwambia akae vizuri, tuandike.

Mjomba hakushtuka hata kidogo. Akanipa kalamu.