Nguzo na Nuru

Kwa miaka ishirini, hakuna aliyezikwa kitongojini kwao Mgeta bila historia yake kuandikwa na Leokadia. Alikuwa mkulima wa karoti tu, wa darasa la saba, lakini akikuandika, waombolezaji walikuona ukipita mbele yao. Hata Mzee Pius, Leokadia alimwandika pamoja na kikohozi chake.

Kisha akanunua simu janja yenye akili mnemba. Akawa anaitajia jina na umri wa marehemu, nayo inamwaga maneno matamu kushinda yake. Misiba kumi na mitatu aliiandika hivyo, na watu wakamsifu.

Siku mama yake mzazi alipolala sebuleni akingoja maziko, Leokadia aliapa kumwandika mwenyewe. Akazima simu, akachukua daftari. “Marehemu alikuwa nguzo ya familia na nuru ya jamii.” Akakata. Akaanza upya, mkono ukarudi kulekule. Mama alikuwa mkali, akifukuza nyani shambani kwa matusi. Matusi gani? Akaitafuta sauti ya mama kichwani mwake, asiikute. Zilikuwamo sentensi zilezile za simu, laini, zimejipanga zikingoja.

Makaburini akazisoma, akitamani walau mmoja aulize huyo anayesomwa ni nani. Watu wakafuta machozi. Mdogo wake Gaudensi, aliyekuzwa kwa fimbo za mama huyo, akamshika bega.

“Dada, umemweleza mama vilevile alivyokuwa.”

Leokadia akamtazama machoni. Hakuwa anatania.