Simenti ya Bweni

Chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa letu, pale Kalemie kando ya ziwa, kilinuka dagaa na simenti kwa pamoja, na mpaka leo nikipita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi hamu ya chakula hunitoka. Dagaa zilikuwa sadaka za familia za wavuvi. Simenti ilikuwa ya bweni la wasichana, au interna kama tulivyoliita, ambalo parokia nzima ilikuwa inalichangia ili shule ya misioni ipate pa kuwalaza watoto wanaotoka mbali. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, mtoto asiyejua kutulia, na msimu ule wote niliupitisha roho juu. Watu wazima walikuwa wanajenga kama watu wenye muda. Sisi muda hatukuwa nao.

Nikisema sisi, namaanisha mimi na Mauwa. Alikuwa binti wa mjomba wangu, mdogo wake Mama, aliyechunga ng'ombe huko Pepa, juu milimani, na aliletwa kwetu akiwa mdogo ili asome. Tulilala mkeka mmoja, tukagombania shuka moja, na mwalimu alipompiga yeye nililia mimi. Lakini sekondari ilikuwa habari nyingine. Mjomba alituma neno kwamba interna ikiwa tayari siku ya kufungua masomo, Mauwa ataendelea. Isipokuwa tayari, atarudi Pepa, kwa sababu kumwachia dada yake mzigo wa kulisha mtoto kwa miaka mingine yote ya shule ilikuwa aibu asiyoiweza. Mama alimjibu kwamba mtoto mwenyewe hali sana, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu. Mjomba hakubadili neno.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa mimi na Mauwa tulisimama mstari wa mbele kwenye mnada. Watu walileta mihogo, mafuta ya mawese, mikeka, na vyote viliuzwa pale pale uwanjani. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu. Mtu alimnunua kwa mbwembwe, akapigiwa makofi, kisha akamrudisha mezani auzwe tena, na aliyemnunua baadaye naye akaona haya kuondoka naye. Jumapili iliyofuata jogoo alikuwepo tena, mnene, ametulia, anatutazama. Watu walicheka sana. Mauwa hakucheka, alimwona jogoo yule kama mtu anayemchelewesha kwa makusudi.

Pesa za Zaire wakati ule zilikuwa zinayeyuka mfukoni, na hilo ndilo lililomsumbua Papa Sumaili, karani wa bandarini aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Matofali yasingeweza kufyatuliwa kabla ya kiangazi, maana mvua ingeyarudisha kuwa tope. Je, pesa zikae zikingoja kiangazi?

"Feza inaoza," aliwaambia watu mbele ya kanisa. "Simenti haiozi. Tuuze simenti sasa hivi, tuiweke."

Kwetu ukisema "tuuze" wakati una pesa mkononi, kila mtu anaelewa kwamba unataka kununua. Wote walikubali, na Mama, aliyewaongoza wanawake wa parokia, alikubali kuliko wote. Simenti ikaja kwa mtumbwi wa mota kutoka Kabimba, katikati ya masika. Tuliipokea kwa nyimbo, wanawake wakaibeba kichwani chini ya manyunyu, ikapangwa sakafuni kwenye chumba kile, ikiegemea ukuta wa upande wa ziwa. Nakumbuka furaha ile vizuri. Tulijiona watu wenye akili.

Fundi alikwisha kupima kiwanja kwa vijiti na kamba. Jioni nilimfuata Mauwa tukaruka kamba, tukaingia ndani ya nyumba isiyokuwepo. Alitembea hadi kona ya upande wa maji, akajilaza chini kwenye majani mabichi.

"Hapa njo kitanda yangu," akasema. "Asubui nitaona maji mbele ya kuona muntu." Yaani ziwa kwanza, watu baadaye.

Kiangazi kilipofika matofali yalifyatuliwa, yakachomwa, tanuri likafuka moshi mpaka macho yakatuuma. Asubuhi ya kuanza msingi fundi aliinua mfuko wa kwanza, nao haukujipinda. Alipasua karatasi. Ndani mlikuwa na jiwe lenye umbo la mfuko. Papa Sumaili alipita mfuko hadi mfuko akiugonga kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba zilizohamwa. Unyevu wa sakafu na wa ziwa ulikuwa umeimaliza karibu yote. Mama aliketi juu ya rundo lile. Mauwa aliupiga mfuko mmoja teke, akaumia kidole, na nilimchukia kila mtu mzima aliyekuwa pale.

Mjomba aliwasili kwa boti kutoka Moba, bandari ya watu wa Pepa, muda mfupi kabla ya masomo kufunguliwa. Alikuwa na ndama, mchango wake kwa bweni, amemfunga kamba shingoni.

"Yaya, mulisema interna inajengwa," akamwambia Mama, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Inajengwa. Simenti njo imetukatala."

Mjomba alikwenda kutazama ile mifuko. Aliporudi alimkabidhi Papa Sumaili kamba ya ndama. "Huyu nilimuleta juu ya interna, atabakia," akasema. "Mutoto nitarudia naye."

Wakaondoka kwa boti ile ile. Niliikasirikia boti, ndama, hata Mungu.

Ile mifuko haikutupwa. Wanawake waliiviringisha mpaka kiwanjani, ikawa ngazi na sehemu ya msingi. Ndama aliuzwa, yakapatikana mabati. Bweni lilikamilika mwaka uliofuata, na kule Pepa Mauwa alikuwa ameshazoea kukamua, wala hakuletwa tena.

Siku hizi Kalemie imejaa pikipiki, michango hutumwa kwa simu, na simenti hununuliwa asubuhi ikatumika jioni. Mambo ni mepesi, nami bado sina subira. Mwezi uliopita Mauwa alikuja kumleta kitinda mimba wake aanze shule. Tulipanda zile ngazi, mikunjo ya karatasi bado inaonekana kwenye mawe. Mtoto alipewa kitanda karibu na mlango. Mauwa alipita, akaenda moja kwa moja hadi kona ya upande wa ziwa, akavua viatu.

"Mama, kitanda hiyo iko na mwenyewe," sista kijana akamwambia kwa upole.

"Najua," Mauwa akajibu, akajilaza, akageukia dirisha.