Jina Lililokatwa Getini

Mama Cheche hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa na watu wa mtaa baada ya mumewe kufa, siku walipomwona amevaa ovaroli la marehemu, mikono ameikunja mara mbili, ameshusha kinyago usoni na kuendelea kuchomelea dirisha ambalo mwenzake hakuwahi kulimaliza. Wakasema atajichoma. Akajichoma kweli, na makovu yapo. Lakini mwaka haukuisha kabla milango ya nusu ya mtaa haijapita mikononi mwake, na wale wale waliomcheka wakawa wanamgongea alfajiri: "Mama Cheche, njoo uone, geti limenigomea."

Mji wao ulikuwa wa kiwanda kimoja, kiwanda cha saruji. Vumbi lake lilikalia mabati, majani, nguo kwenye kamba, hata kope za watu. King'ora kikilia, mji unaamka. Kikilia tena, mji unakula. Na juu ya kilima palikuwa na shule. Kiwanda na shule vilianzishwa na mtu mmoja, mzungu aliyekuja zamani akajifanya mwenye mji, na jina lake lilisimama juu ya geti la shule kwa herufi za chuma, kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Jina hilo watu hawakulitamka. Wao walimwita Bwana Rula, kwa sababu enzi zake aliwapanga mstari watoto weusi, akawapima vichwa kwa rula na uzi, kisha akatangaza mbele yao kwamba vichwa vya namna ile havina pa kuweka hesabu. "Mikono, ndiyo," alikuwa akisema. "Kichwa, hapana." Watoto wa kizungu wakabaki darasani, hawa wengine, jua likiwa utosini, wakapelekwa kuvunja mawe.

Baba yake Mama Cheche alipimwa. Hakuwahi kusimulia. Ila maisha yake yote hakukubali kinyozi amguse. Alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo kilichopasuka, akijikata nyuma ya masikio, na mtoto akimpapasa kichwa kwa mzaha aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo bodi ya shule ilipopiga kura, baada ya kelele za mwaka mzima, kwamba jina lile liondolewe, Mama Cheche hakushangilia. Alisema tu, "Wamechelewa," akarudi kwenye kazi yake.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliingia karakana bila kubisha hodi.

"Mama Cheche, nimewazunguka mafundi wote wa mji huu. Wa kwanza anaumwa tumbo. Wa pili mashine yake imekufa ghafla. Wa tatu ameniona kwa mbali akafunga duka."

"Na mimi umeniweka wa mwisho."

"Wewe una mtoto pale shuleni. Sikutaka kukuponza."

Mama Cheche aliweka nyundo chini. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, na hesabu alizila kama karanga. "Jumamosi asubuhi," akasema. "Nitafutie ngazi ndefu."

Habari mbaya haina miguu, lakini hufika. Siku ya pili yake gari jeupe lilisimama mbele ya karakana, akashuka meneja wa kiwanda. Mji mzima ulimwita Mpole, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Naye alikuwa mtoto wa mji huu huu, lakini mkate wake alikatiwa na wajukuu wa Bwana Rula, ambao bado walikuwa wenye kiwanda. Viatu vyake vilimeta, na vumbi lile lote lilikuwa kama linamwogopa.

"Dada yangu, pole na kazi," alisema, akashika nguzo ya geti lililokuwa likisubiri rangi. "Mkono wako mzuri. Sisi pale tuna mageti mengi yanataka kubadilishwa. Nikasema, kwa nini tutafute mbali?"

"Karibuni," alisema Mama Cheche.

"Ila nasikia Jumamosi una shughuli."

"Ninayo."

Mpole akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea habari za msiba. "Sawa. Kila mtu na riziki yake." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Binti hajambo? Yule anayekaa dawati la mwisho, karibu na dirisha. Ana macho ya marehemu kabisa."

Gari liliondoka polepole. Mama Cheche alibaki ameshika kipande cha chuma mkononi, na mchana ule alichomelea bawaba kichwa chini, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa mumewe.

Ijumaa jioni alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa mashine ya kupakia mifuko kiwandani. Kwa kawaida alifika na utani wake mlangoni, akidai chai ya urithi. Leo aliketi tu juu ya kopo la rangi.

"Shemeji," alisema mwishowe, "usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Bwana Rula hakulala. Ungekuwa unapita chini ya lile geti kila siku ungejua."

"Msimamizi ameniita leo. Kaniuliza, yule mama fundi ni nani kwako?"

"Ukamjibu nini?"

Shemeji alitazama viganja vyake. "Nilisema simjui."

Mama Cheche alimmiminia chai, akampa kikombe kwa mikono miwili. Hakumlaumu. Mwenye watoto wanne ana vinywa vinne vya kumsemea. Lakini shemeji hakunywa. Aliinuka akatoka, na chai ikapoa pale pale.

Jumamosi anga lilikuwa jeupe, bila jua wala wingu. Mama Cheche alimwacha binti kwa jirani, akampa amri asitoke. Alipofika shuleni alimkuta Mwalimu Mkuu ameshika ngazi peke yake. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamesimama mstari mrefu, wazee kwa vijana. Hawakuimba. Hawakuzomea. Walitazama tu.

Akapanda. Grenda ikalia, cheche zikamwagika, herufi ya kwanza ikaanguka kwa kishindo kilichowafanya watu warudi nyuma hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Alipoigusa ya nne, grenda ilinyamaza mkononi mwake.

"Umeme umekatika!" Mwalimu Mkuu aliita kutoka chini.

Mama Cheche alitazama bondeni. Umeme wa shule ulitoka kiwandani, na kule kiwandani taa zilikuwa zinawaka zote, mchana kweupe.

"Nipe msumeno," alisema.

Alikata kwa mkono. Jasho lilimwingia machoni, mabega yakawaka moto, na vumbi likaganda kwenye midomo yake. Kadiri jina lilivyopungua ndivyo lilivyozidi kuwa la ajabu, silabi zisizo na maana zikining'inia hewani. Saa za mchana zilipita na mstari ule ng'ambo haukupungua hata mtu mmoja. Herufi ya mwisho ilipodondoka, king'ora kililia, wakati usio wake, kikalia kwa muda mrefu. Kilipokoma, watu walitawanyika, kila mmoja akiangalia chini.

Baada ya hapo halikutokea jambo lolote, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Hakuna jiwe lililotupwa. Hakuna aliyemtukana. Wateja tu ndio walioacha kuja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na samahani yake nzuri. Shemeji alihamishiwa kwenye tanuri, kazi ya vijana, ingawa alikuwa amemkana. Na kabla muhula haujafungwa Mwalimu Mkuu alipata uhamisho wa kwenda mbali, "kwa faida ya elimu," akaaga kwa kumshika Mama Cheche mkono kwa nguvu mno.

Jina jipya lilikuwa limeshapitishwa, jina la kijito kinachopita nyuma ya madarasa. Mama Cheche alikwisha kulitengeneza, nalo likabaki limeegemea ukuta wa karakana. Akangoja aitwe kulipandisha. Hakuitwa. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye tabasamu la kuazima.

"Subira, mama, subira," alisema yule kijana. "Mambo haya yana utaratibu."

Wakati wa kutoka alipita mbele ya stoo. Mlango ulikuwa wazi nusu, akachungulia. Zile herufi za zamani, alizodhani zimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, zilikuwa zimelazwa juu ya magunia safi, kwa mpangilio wake, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kingo alizozikata zilikuwa zimepigwa msasa. Na zote zilikuwa zimepakwa mafuta. Alipogusa moja, kidole kilirudi kimelowa.

Akasimama pale, akinusa mafuta yale mabichi. Kutoka madarasani ilikuja sauti ya watoto wakikariri somo kwa pamoja. Nje, upande wa geti, mtu alikuwa anaburuta ngazi.