Kioo cha Kwanza cha Jengo Jipya

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili 1997, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua saa kwa sababu lori la vioo kutoka Nairobi lilikuwa limechelewa na Baba alikuwa ameniuliza saa mara nne.

Nilikuwa Form Two, shule zimefungwa. Baba alikuwa fundi wa vioo vya madirisha huko kwetu Kimulot. Mjini Kericho maduka ya zamani yalikuwa yanaunganishwa kuwa jengo moja la biashara, na foreman, msimamizi wa ujenzi, alikuwa amemwambia wazi: kioo cha kwanza cha mbele kikikaa sawa, vingine vyote ni vyake.

Hakikukaa. Baba alipima kabla ukuta haujapigwa plasta, kama alivyozoea nyumbani, ambako kioo kikizidi unakipunguza tu. Sasa plasta ilikuwa imepunguza nafasi, na kioo kilizidi kwa upana wa kidole. Akatoa kikatio chake chenye ncha ya almasi, akasita.

"Mzee, si ukate," foreman akasema.

"Ama hiyo almasi ni ya kukata ugali?" akauliza mpiga plasta mmoja kutoka juu ya ngazi. Wenzake wakacheka.

Karatasi iliyokuja na kioo ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ya Kiingereza, na Baba hakujua Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeisoma yote: kioo hiki kimepikwa kwa moto ili kiwe kigumu, na kikishapikwa hakikatwi tena.

"Mama, hapo wameandika nini?" Baba akaniuliza; ndivyo alivyoniita mimi binti yake.

Wanaume wote wakanigeukia. Niliona vile watacheka nikimkataza babangu kazi yake mwenyewe mbele yao.

"Hakuna kitu," nikasema.

Akachora mstari, akagonga ukingo. Kioo kizima kilimwagika kwa mara moja, punje punje, kama mvua ya mawe. Baba akainama akaanza kuokota zile punje kwa mikono.

"Wacha, mzee," foreman akasema, bila hasira hata. "Enda nyumbani. Hii nitaita watu wa Nairobi."

Jioni Baba alimwambia Mama kioo kilikuja kikiwa kibaya. Nilikuwa hapo hapo, nikimenya viazi. Niliendelea kumenya.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Baba kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni, yeye ambaye sikuwahi kumwona akichuma hata siku moja. Nilimwambia yote nikiangalia mgongo wake, kwa sababu uso nisingeweza. Mikono yake haikusimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na sasa unaniambia nifanye nini nayo?"

Nikachukua kikapu cha Mama, nikaingia mstari wa pili, nikachuma mpaka wakati wa kupeleka majani kupimwa. Hakunitazama, na majani yangu aliyabeba pamoja na yake.