Bwana Panya wa Barabara ya Buzwagi

Kuanzia tarehe ya tangazo hili, udhibiti wa panya na wadudu ndani ya bustani ya wanyama, Barabara ya Buzwagi, ni kazi ya kitaalamu. Itafanywa na mtaalamu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na mtumishi mwingine yeyote haruhusiwi kujihusisha nayo. Sumu ni marufuku. Ndivyo alivyoandika meneja Stanslaus, akagonga mhuri, akabandika kwenye ukuta wa ghala la chakula, jirani na banda la bundi.

Banda lilikuwa tupu. Bundi alikula panya, na panya alikuwa amekula sumu ya Maduhu. Marehemu akiwa bundi, mjini Kahama hakuna aliyelia, na wapo walioshukuru. Ila mwenye bustani alikasirika.

Maduhu ndiye aliyekuwa Bwana Panya. Jina hilo alipewa na watoto wa shule waliokuja kutazama fisi, naye akalipokea kama cheo. Zamani alikuwa mchimbaji mdogo kule Bulyanhulu. Alishuka kwenye duara, lile shimo refu la wachimbaji, akiufuata mkanda wa dhahabu ambao kila mara ulikunja kona kuelekea eneo la mtu mwingine. Mkewe alipochoka kungoja, alimwambia atafute kazi ya juani. Akapata panya.

Sasa panya hao akapewa Ghati, binti wa Tarime, mwenye cheti na buti mpya. Ghati alieleza kwamba mapipa ya chakula yafunikwe, mabaki yaondolewe kabla ya jioni, na mitego ikae ndani ya visanduku ili tumbili wasipenyeze vidole. Maduhu alimsikiliza kwa uso wa mke mkubwa anayesikia mapishi ya mke mdogo yakisifiwa.

Kesho yake Maduhu, aliyebakiziwa kazi ya kulisha wanyama, akaanza kusahau vifuniko. Akasahau cha mahindi, akasahau na cha pumba. Panya wakaitikia mwaliko, na mitego ikajaa. Kila asubuhi Ghati alipita na shehena yake, na meneja akampiga picha.

"Baba Juliana," Nasibu, dereva wa bustani, alimwambia Maduhu, "wakati wako tuliwaona mmoja mmoja. Huyu binti anavua kama yuko ziwani."

Chakula kikamshinda Maduhu siku hiyo. Alikuwa akimlisha mwenzake sifa kwa pumba za bustani. Basi akageuza mkono: mapipa akayafunika na kuyawekea mawe juu, akafagia kila punje, kisha akayaendea mashimo. Aliyafuata kama alivyofuata mkanda kule duarani, toka mdomo mmoja hadi mwingine, akayashindilia kokoto na saruji. Atakamata nini sasa, huyo mwenye cheti?

Hakukamata kitu. Mitego ikalala njaa, na Maduhu akasubiri aibu ya Ghati kwa hamu ambayo hata dhahabu hakuwahi kuisubiria.

Stanslaus alichungulia visanduku vitupu, akaita watumishi wote, akatangaza kwamba panya wamekwisha. Ghati akavishwa kitenge. Maduhu alipiga makofi pamoja na wenzake, huku akikunja vidole maana kucha zilikuwa na saruji.

Baadaye Ghati alimkuta anamwagia mamba maji.

"Shikamoo, Baba Juliana."

"Marahaba."

"Nyuma ya ghala kuna shimo umeliruka."

Maduhu aliendelea kumwaga maji. "Mashimo si kazi yangu. Kasome ukutani."

"Nimesoma," alisema Ghati. "Ndiyo maana sikumwambia meneja."

Alipoondoka na kitenge chake, Maduhu alikwenda kuangalia, akiomba binti awe amekosea. Shimo lilikuwepo.

Siku hizi banda lina bundi mwingine, mnene, na tangazo bado liko pale pale ukutani. Pembe yake ya chini imepata matone ya saruji.