Kinyozi wa Marlow na Msimu wa Bila Kufungwa

Mume wangu Orrin Teasdale alikuwa kinyozi wa Marlow, Ohio, kwa miaka thelathini na mmoja, na sijapata kuona mtu mwenye roho juu kama yeye. Mteja akiwa kitini, mkono wake umetulia tuli. Mteja akitoka tu, basi: mara yuko mlangoni, mara nyuma ya duka, mara amekuja nyumbani kuniuliza kitu ambacho akifika amekwisha kukisahau. Mtu wa namna hiyo mpe mtoto anayecheza mpira wa chuo, halafu uone.

Na mpira wetu, nisikudanganye, si wa kupigana chenga. Unaukumbatia kifuani, wenzako wanakusukuma kwa nyuma, wa upande wa pili wanakuparamia, mpaka mnakuwa rundo moja la mikono na miguu. Kichwani hawavai kitu. Kofia yao ni nywele: wanaanza kuzifuga Juni, na ikifika Oktoba kila mmoja ana kichaka kinachogusa kola. Nahodha wao, Harlan Pruitt, alikuwa na sheria moja. Atakayenyolewa kabla ya mechi ya mwisho hachezi, awe nani. Kichwa kitupu ni hatari, na tena ni nuksi kwa timu nzima.

"Orrin, mwanao mwenyewe ndiye anayekuharibia biashara," wateja walimtania.

"Subirini Desemba," aliwajibu. "Nitawavuna wote kama majani ya farasi."

Mwaka ule wa 1898 chuo chetu, chenye wanafunzi wasiozidi mia mbili, kilishinda mechi saba mfululizo. Na si kushinda tu: hakuna aliyetufunga hata pointi moja. Mji ulishikwa na wazimu. Mchungaji aliliombea goti la Pruitt kanisani, kwa jina, na watu wakaitikia amina kwa nguvu kuliko walivyoitikia kwa wagonjwa. Ilibaki mechi moja, na chuo cha Haskins, Siku ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwanangu Wendell alicheza katikati ya mstari wa mbele, pale pa kusukuma na kusukumwa. Baba yake hakukosa mechi. Alitembea kando ya kamba, mpira ukienda anakwenda nao, ukirudi anarudi nao, anapiga kelele mpaka sauti inamkauka.

Katika mechi ya saba Wendell aliinuka wa mwisho kutoka kwenye rundo. Kesho yake, Jumapili, tukiwa mezani, alitia chumvi kwenye kahawa akainywa yote. Kisha akaniuliza mjomba Silas atakuja lini. Kaka yangu Silas tulimzika Machi, na Wendell alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Orrin aliweka uma chini. Akamzunguka mtoto, akaingiza vidole katika ule msitu wa nywele kama afanyavyo kazini. Juu ya sikio la kushoto vidole vikasimama.

"Hapa pamekuwaje?"

"Pamevimba tu, baba."

"Nikibonyeza panabonyea. Wendell, kichwa cha mtu hakibonyei."

"Baba, ukisema tu, Pruitt ataniweka nje. Imebaki moja! Moja tu! Tangu chuo kijengwe hakuna timu iliyomaliza bila kufungwa. Niapie hutamwambia mtu. Wala daktari."

Na Orrin, Mungu amsamehe, akaapa. Nilitamani kuwachapa mwiko wote wawili.

Wiki ile nyumba haikukalika. Orrin alinoa nyembe zilizokwisha kunolewa. Alikwenda uwanjani kuwaangalia wakifanya mazoezi, akarudi, akaenda tena kabla hajavua koti.

"Siku nne tu, Leota," ananiambia.

"Siku nne za nini? Za kumchimbia kaburi? Nenda kwa Pruitt!"

"Nimeapa."

"Umeapa! Ukimzika utamwambia Mungu uliapa?"

Jumanne nikajifunga skafu nikaenda mwenyewe. Pruitt alinivulia kofia kwa adabu zote. Nikamweleza habari ya chumvi na ya mjomba. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mama Teasdale, mama zetu wote wanasema hivyo hivyo. Wangu ameniandikia barua tatu. Wendell ni mzima kama nguzo, nimetoka kusukumana naye sasa hivi."

Nilirudi nyumbani nikaubamiza mlango.

Jumatano adhuhuri nilimpelekea Orrin chakula dukani. Duka limejaa, watu wanabishana kuhusu Haskins, kila mmoja amekuwa nahodha. Wendell akaingia, akajitupa kitini.

"Ndevu tu, baba. Ukigusa nywele nakukana mbele ya watu."

Watu wakacheka. Orrin akamfunika uso kwa taulo la moto, akageuka kukoroga sabuni. Alipogeuka tena mtoto anakoroma, katikati ya kelele zote zile. Akamwita. Akamwita tena. Akamfinya sikio. Mara ya tatu ndipo Wendell alipofumbua macho, akasema, "Mjomba Silas kaja?" akayafumba.

Nilimwona mume wangu akibadilika rangi. Aliiweka sabuni chini. Akachukua mashine ya kunyolea, akaisukuma kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, mara moja, bila kupumua.

"Orrin! Umerukwa na akili?" Mtu mmoja akamkamata mkono. Akampiga kiwiko, akapitisha mstari wa pili, na wa tatu. Nywele zikaanguka mafungu mafungu. Ndipo pakaonekana, juu ya sikio: pamevimba kama yai, pameiva rangi ya zambarau. Kelele zikakatika.

"Haya, tazameni," alisema Orrin. "Niliapa sitamwambia mtu, na sijamwambia mtu. Tazameni wenyewe."

Daktari alisema kishindo kimoja zaidi na asingeinuka. Akaamuru chumba chenye giza, mapazia yafungwe, asisome, asipigiwe kelele. Wendell alipozinduka akapapasa kichwa chake, akalia kama mtoto mchanga.

"Umeniua, baba. Bora ningefia uwanjani."

Akageukia ukuta.

Mechi iliisha sifuri kwa sifuri. Karibu na mwisho vijana wetu walifika hatua moja kutoka kwenye mstari wa Haskins, wakasukuma mara tatu, na mara zote tatu yule aliyewekwa mahali pa Wendell alirudishwa nyuma kama mlango mbovu. Hatukufungwa. Msimu mzima hakuna aliyetushinda, na chuo kinajisifia mpaka leo. Lakini mji ulitaka nane kwa nane, na mji ulimjua wa kumlaumu. Walimwita Kinyozi wa Haskins. Waliliandika jina hilo kwa sabuni kwenye kioo cha duka. Desemba ilipofika, Pruitt aliichukua timu yote wakapanda gari moshi kwenda kunyolewa mji wa jirani. Orrin aliwaona wakipita, na shuka safi amelishika mkononi. Nilimchukia Pruitt siku ile, na sioni haya kusema.

Kwa wiki sita Wendell hakumsemesha baba yake. Orrin alileta supu, akaiweka, akatoka. Usiku wala mchana hakutulia, anahesabu hatua kwenye ukumbi mpaka mbao zikaanza kulia.

Mwanzoni mwa Januari daktari alituruhusu kufungua mapazia. Wendell alikunja macho kwa mwanga, akasema, "Mwite baba."

Orrin akaja akasimama mlangoni.

"Nakumbuka mashine yako kichwani mwangu," Wendell alisema. "Lakini mechi, baba, sikumbuki hata moja. Nimelala hapa wiki sita nazitafuta. Nilikuwa naona haya kusema. Wewe ulikuwa unakuja zote?"

"Nilikuwa nakuja."

"Basi nihadithie."

Orrin akaanza na ile ya kwanza, ya Septemba, ya matope. Alikumbuka nani aliteleza, nani alipoteza kiatu, Wendell alimbeba nani mgongoni. Akanyakua mto wangu mzuri akaukumbatia, akakimbia nao kutoka kabatini mpaka dirishani. Wendell alicheka mpaka nikaogopa kwa kichwa chake. Ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Hapo Orrin akasimama, mto bado uko kifuani.

"Na ya nane?" Wendell aliuliza.

"Ya nane hukucheza. Mimi ndiye niliyekutoa."

"Hilo nalijua. Ilikuwaje?"

"Hiyo sikuiona, mwanangu," alisema Orrin. "Nilikuwa hapa. Ulikuwa umelala, nimekushika mkono."

Wendell akasogea ukutani, akampa baba yake nafasi kitandani.