Mwalimu wa Fidla na Mvua ya Alasiri

Mwalimu wa fidla wa kijiji cha Roret hakushindana na mvua. Kila alasiri ilipovamia mabati ya kanisa walimofanyia mazoezi, walimu wengine wangefunga ala zao. Yeye aligusa tu chini ya jicho lake, kwa kidole chenye sugu ya nyuzi, na wanafunzi wake wanne wakaendelea kupiga. "Lakini mwalimu, hata hatusikii tunachopiga!" Chepchirchir alilalamika. "Basi mwangalie mwenzako anavyovuta uta wa fidla yake," akajibu. Habari za majukwaa aliyopigia Nairobi hakuzisimulia; ilibaki tu alama nyeusi iliyoachwa na fidla chini ya taya, aliyoikuna akisikiliza, huku chai aliyojimiminia ikipoa na mwishowe kumwagwa nje.

Siku ya mashindano mjini Kericho, mvua ya mawe ilishuka katikati ya wimbo. Majaji, wasiosikia tena wimbo, wakaweka kalamu chini. Chepchirchir akainua macho, akaona uta wa mwenzake Kipkurui ukipanda, naye akaupandisha wake. Mvua ilipokatika ghafla, wanne wote walikuwa mahali pamoja katika wimbo, hakuna aliyetangulia wala kuachwa. Kule nyuma ya ukumbi, mwalimu aliondoa mkono kwenye ile alama ya taya, akachukua kikombe alichokuwa amejimiminia kama kawaida, na safari hii hakuimwaga chai iliyopoa, akainywa mpaka tone la mwisho.